Haramu na Maharimu

Mkunga alirudi kutoka Micheweni katika msimu wa karafuu, wakati kila uwanja wa kwetu umetandazwa majamvi na kila baraza ina mabishano ya siasa. Ndiye aliyemzalisha mama yangu aliponizaa mimi, lakini sikumjua kwa sura, maana alihamia kwa binti yake huko kaskazini nikiwa mtoto wa kutambaa. Nilimwona mwanamke mrefu, mkavu, anaingia uani bila kungoja jibu la hodi yake. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama mtu aliyetoka hapo jana tu.

Mama na mimi tulikuwa tukisuka ukili wa mkeka wa harusi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Posa ilikwisha kukubaliwa, wazee walikwisha kusomeana Fatiha, na kilichobaki ni karafuu zimalizike kuanikwa ili watu wapate nafasi ya kuja kula pilau.

"Huyu ndiye yule niliyempokea mie?" mkunga alimuuliza mama.

"Ndiye, bibi. Mwaka huu anaolewa, Mungu akipenda."

"Mashaallah. Anaolewa na nani?"

Mama akamtajia. Kijana wa Wawi, mtoto wa yule Mwarabu mwenye mikarafuu, rafiki yake baba.

"Mtoto gani? Ana watoto wengi yule."

"Mkubwa."

Mkunga alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini, akakitazama, halafu akanitazama mimi.

"Basi haiwi," alisema. "Wale ni ndugu. Wote wawili nimewanyonyesha mie."

Nilimtazama mama nikitaraji acheke. Hakucheka. Aliendelea kusuka, lakini alisuka ovyo, akarudia njia ileile mara mbili, kisha akaufumua ule ukili. Ndipo nikajua kwamba kwa upande wangu ni kweli. Baadaye aliniambia mwenyewe: nilipozaliwa alishikwa na jipu la ziwa, akawa na homa, na mkunga, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga, alinichukua nikawa nalala kwake mpaka mama alipopona. Hilo halikuwa siri. Watoto wengi kijijini wamenyonya kwa jirani. Lililokuwa jipya ni la yule kijana, ambaye alinitangulia kuzaliwa na ambaye nyumba yao iko mbali na kwetu, huko Wawi, nyumba ya watu wenye watumishi.

"Kwa wale ulifikaje?" mama aliuliza.

"Niliitwa," mkunga alijibu. "Kwani mkunga huenda asipoitwa?"

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alirudi kutoka msikitini baada ya adhuhuri, akaambiwa, akabaki amesimama na kanzu yake nyeupe, mkono mmoja umeshika nguzo ya ukumbi. Alimuuliza mkunga maneno machache kwa sauti ya chini. Alipomaliza hakula. Alichukua baiskeli yake akatoka, nami nikabaki nazunguka uani, nashika ufagio, nauweka, nafunua chungu, nakifunika. Mama aliniambia nikae. Nilikaa, nikaona siwezi, nikasimama tena.

Lazima niseme juu ya huyo kijana. Tulisoma pamoja chuoni kwa baba tulipokuwa watoto, kwa sababu baba yake alitaka mwanawe afundishwe na rafiki yake ingawa Wawi walikuwa na walimu wao. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma na haya nyingi. Nilipovunja ungo nikatiwa ndani, sikumwona tena isipokuwa mgongo wake, njiani, siku za Idi. Posa ilipokuja, mama aliponiuliza, nilinyamaza kama inavyompasa msichana kunyamaza, lakini nilinyamaza kwa furaha. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri jinsi nitakavyopanga vyombo katika nyumba yake.

Miaka ile mambo yalikuwa yamevurugika. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa umepita na mwingine unakuja, na watu waliokuwa wakizikana na kuozana walikuwa wamegawanyika. Sisi tulihesabiwa upande mmoja na watu wa Wawi, au wengi wao, upande mwingine. Baba hakuwa mtu wa chama. Ila mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa wa chama hasa. Alikuwa mvuvi wa Wesha, mwenye moyo mkunjufu kabla ya siasa kumwingia, na siasa zilipomwingia hazikumwachia nafasi ya kitu kingine. Alikuwa na neno moja alilolipenda. Duka la fulani haramu kununua. Gari la fulani haramu kupanda. Fulani akifa haramu kumzika. Idi ya mfungo tatu jirani yetu alituletea nyama ya mbuzi, na mjomba, aliyekuwapo, alisukuma sahani akasema aliyechinja ni wa chama kile, basi nyama ni haramu.

"Kataja jina la Mungu alipochinja," baba alimwambia.

"Katajia shingo ya mbuzi, shemegi. Moyoni kataja mengine."

"Neno hilo si lako," baba alisema. "Ni la Mungu. Ukilitia kila mahali halitabaki na pa kukaa."

Mjomba hakula. Sisi tulikula, na mimi nyama ile haikuniteremka vizuri.

Kwa hivyo habari ya mkunga ilipotoka nje, na ilitoka siku ileile, watu waliipokea kila mmoja kwa chama chake. Wa upande wetu walisema Mungu ametuokoa. Wa upande ule walisema mkunga ametumwa. Binti yake wa Micheweni aliolewa na mtu wa chama cha mjomba. Ushahidi gani tena unatakiwa? Walisema mjomba ndiye aliyemfuata huko kaskazini akamfundisha la kusema. Mjomba mwenyewe hakufanya jambo la kuwaziba midomo. Alikuja kwetu jioni amechangamka, akagonga kiganja juu ya goti lake.

"Haramu," alisema. "Yamekwisha. Tutamtafutia mume mtu wa kwetu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimchukia, na nilimchukia mkunga, na nilijichukia kwa kuwachukia watu wazima.

Baba alikuwa amerudi kutoka Wawi bila jibu. Rafiki yake alimpokea kwa kahawa na halua, lakini alipotaja jambo lililompeleka, yule mzee alisema: "Maalim, haya ni ya siasa. Usiyatie katika nyumba zetu." Hakusema kwamba si kweli. Baba aliligundua hilo njiani, akiwa juu ya baiskeli, na alisema lilimtia mashaka zaidi kuliko kama angekanusha.

Wiki zile zilizofuata sikumbuki nilifanya nini hasa. Nakumbuka miguu yangu. Nilikwenda kisimani maji yakiwa bado yamejaa mitungini. Nilikwenda kugeuza karafuu ambazo zimekwisha kugeuzwa. Mkeka uliachwa umefungwa pembeni, na mama hakuugusa wala hakuuondoa. Wanawake waliokuja kutuamkia waliniangalia kifua na kiuno kama watu wanaotafuta alama, na walipofikiri sisikii walisema, "Masikini, ingekuwaje wangekwisha kuzaa?"

Baba aliamua kumwendea kadhi mjini Chake. Mkunga alikwenda naye, na mama, na mimi nikachukuliwa kwa sababu kadhi alitaka nihudhurie. Yule kijana na baba yake nao waliitwa. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, mlango wazi, pazia limeteremshwa.

Kadhi alimuuliza mkunga kijana alinyonya kwake mara ngapi.

"Shehe, mtoto akilia hupewa ziwa," mkunga alijibu. "Nani huhesabu?"

"Sheria inahesabu, bibi. Mara tano, za kushiba."

"Basi sheria haijalea mtoto. Alinyonya akakua. Wee mtazame mwenyewe, yuko hapo mbele yako."

Nilisikia mtu akikohoa ili asicheke. Kadhi hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba neno la mwanamke mmoja, hata awe mkweli vipi, halitoshi kwa sheria kuivunja posa. Hawezi kusema ni haramu. Wala, alisema, hawezi kuwashauri waoane wakiwa na shaka hiyo. Kama kuna mwingine anayejua, aseme. Kama hakuna, kila mtu amche Mungu katika nyumba yake.

Tulirudi hivyo, tukiwa tumekatazwa na hatukukatazwa.

Siku moja baada ya hapo nilimkuta baba chuoni, wanafunzi wamekwisha kwenda zao, yeye anakusanya mbao za kuandikia na kuziosha. Nilikaa kwenye jamvi, mahali nilipokuwa nikikaa nilipokuwa mdogo. Nilimwambia kwamba neno lile sasa nalisikia mchana kutwa na silielewi tena. Msikiti wa Makka unaitwa Haramu. Nguruwe ni haramu. Nyama ya jirani ni haramu kwa mjomba. Na sasa mtu niliyetakwa kuolewa naye labda ni haramu. Neno moja linawezaje kubeba vitu hivyo vyote?

Baba alichukua ubao mmoja uliokwisha kukauka akaandika herufi tatu: he, re, mimu. He ile nzito ya kooni, ambayo alikuwa akitupiga tukiitamka nyepesi.

"Hizi tatu hazisemi kibaya," aliniambia. "Zinasema, simama hapo. Pana mpaka. Makka pana eneo lake lina mpaka, ukiingia humo hukati mti, huwindi ndege, hata adui yako humgusi. Pako hivyo kwa utukufu wake. Mtu akienda kuhiji akavaa zile shuka mbili, huambiwa yumo katika ihramu. Mwezi wa Muharramu umeitwa hivyo kwa sababu Waarabu waliacha vita ndani yake. Wale wa Wawi umewasikia wanamwitaje mke wa mtu? Hurma. Wanataka kusema ana heshima yake, usimkaribie. Nguruwe naye kawekewa mpaka, kwa sababu nyingine. Lakini mpaka ni mpaka."

"Na mwanaharamu?"

Aliuangalia ubao. Chuoni petu aliwahi kuwapo mtoto mmoja ambaye wenzake walimwita hivyo, na baba alimchapa kila aliyelitamka.

"Hilo watu wamemtwika mtoto mzigo usiokuwa wake," alisema. "Waliovuka mpaka ni wengine."

Nilimwambia kwamba bibi, mama yake yeye, angeyaita hayo yote mwiko, angeyamaliza kwa neno moja. Bibi alipokuwa hai alitukataza kukata kuni katika kile kichaka cha mzimu upande wa mikoko, panapofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu. Baba alikuwa akisema ni ujinga na ushirikina.

"Ni ushirikina," alisema. "Kuni hazikatwi pale mpaka leo, lakini."

"Wewe umewahi kukata?"

"Sijahitaji kuni," alijibu, na akaanza tena kuosha mbao.

Halafu, bila kunitazama, akasema jambo nililokaa nalo muda mrefu. Alisema kuna haramu ya namna ya tatu ambayo watu huisahau. Mwanamke ana watu ambao haramu kuolewa nao, na kwa sababu hiyohiyo ndio watu wake wa karibu kabisa. Baba yake, kaka yake, mjomba wake. Hao ni maharimu zake. Hajifichi mbele yao, husafiri nao, hushikana nao mikono. Mpaka uliowekwa baina yao ndio uliowafanya wawe salama wao kwa wao.

"Sasa yule," niliuliza, "ni nani kwangu?"

"Ndiyo shida," baba alisema. "Kwa shaka hii si mume na si ndugu. Huwezi kuolewa naye na huwezi kumpa mkono."

Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kukosa mume ningeweza, wasichana wengine walikosa. Lakini kumtoa mtu moyoni kisha nisiwe na pa kumweka, hilo sikulijua jinsi ya kulifanya.

Aliyeumaliza wasiwasi ule alikuwa kijana mwenyewe. Tulihadithiwa baadaye. Tangu siku ya kadhi hakuwa akizungumza na baba yake vizuri, na asubuhi moja aliingia kwa mama yake, akaketi miguuni pake, akamwambia: "Mama, nikioa nikazaa, mtoto akiugua nitasema ni kwa sababu ya hili. Akifa nitasema ni kwa sababu ya hili. Niambie nisiishi hivyo."

Mama yake alilia, kisha akasema. Alipomzaa yeye, mtoto wake wa kwanza, maziwa hayakutoka. Ndugu wa mumewe walikuwa na maneno, na yeye alikuwa bibi harusi mgeni katika nyumba ile. Mkunga akaitwa kwa siri, akawa anapitia mlango wa nyuma asubuhi na jioni, na mara nyingine alimchukua mtoto kutwa nzima kwa kisingizio cha kumsinga kwa mafuta. Ilikuwa hivyo mpaka mtoto akaanza uji. Mumewe alijua. Walikubaliana lisisemwe, halikusemwa, na miaka ilivyopita wakakaribia kuamini kwamba halikutokea. Mkunga alipohama ndipo walipopumua. Hawakujua mimi nami nimenyonya pale. Walipojua, waliona ni kuchelewa mno, na wakashika neno la siasa kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu.

Walikuja kwetu wote watatu, baba, mama na kijana, kwa gari la kukodi, mchana, watu wote wakiona. Baba yake alisema mbele ya baba yangu na mbele ya mkunga kwamba ni kweli. Alisema kwa taabu, mzee mwenye heshima zake, akiitazama ncha ya bakora yake. Mkunga alimsogezea mama wa kijana mto wa kuegemea. Baba akahesabu kwa sauti: mwanamume mmoja na wanawake wawili. Imethibiti.

Baada ya hapo kila mtu alitaka jambo lifungwe. Sinia ya vitu vya posa tuliyoletewa ilifunikwa kitambaa ikarudishwa. Mama aliufungua mkeka akaanza kufumua ukili ili autumie kwa jambo jingine. Baba alisema, "Alhamdulillahi, yamekwisha," na wageni walikuwa wanainuka.

Mimi nilikuwa chumbani. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana nilikuwa msichana mwoga. Nilimwita mama mlangoni nikamwambia amuulize baba swali.

"Swali gani?"

"Kama yule ni ndugu yangu, mbona anaondoka kama mgeni?"

Mama alinitazama akaona nimekusudia. Alikwenda akamnong'oneza baba. Nikamsikia baba kutoka ukumbini akicheka kidogo, cheko la mtu aliyefungwa na somo lake mwenyewe.

"Mwanangu, toka," aliita.

Nilitoka bila kujitanda usoni, kanga yangu kichwani tu kama ninavyokuwa mbele ya wadogo zangu. Yule kijana alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhani, na alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo chuoni hakuwa nalo. Alitazama chini. Baba akamwambia, "Mpe mkono dada yako." Akanyoosha mkono, nikaupokea. Ulikuwa na baridi, mkono wa mtu aliyeogopa, na wangu nadhani ulikuwa vilevile.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo. Hujambo kaka."

Sitasema kwamba moyo ulitulia pale. Nilikuwa nimemngoja kwa jina jingine, na moyo haugeuki kwa sababu ushahidi umetimia. Nilirudi chumbani nikalia mpaka macho yakavimba, na siku nyingi baadaye nilishituka kila niliposikia kengele ya baiskeli njiani. Lakini nilikuwa na pa kumweka.

Alianza kuja. Kwanza mara chache, na kila alipokuja alipiga hodi mpaka mama akamkemea kwamba mtoto hapigi hodi kwao. Alimletea mkunga sukari na kanga, akamwita mama. Mkunga aliamua kutorudi Micheweni mwaka ule. Alipata chumba kwa jirani. Alikuwa akikaa uani petu na kutuamrisha sote wawili kama aliyetuzaa, kwa makelele, na hakukumbuka tena kwamba alikuwapo mtu aliyesema ametumwa.

Mjomba hakuweza kulikubali hilo. Kwake neno lilikuwa na upande mmoja tu. Haramu ilikuwa ukuta, na sasa anaona mtu wa chama kile anapita ukutani, anaingia mpaka jikoni, anapewa mkono na mpwa wake. Aligombana na baba barazani.

"Si umesema mwenyewe haramu?" baba alimuuliza. "Ndiyo hii."

"Mie nilisema haramu ya kumwacha."

"Kuna haramu ya kumwacha tu bila ya kumkaribisha, shemegi? Nionyeshe."

Mjomba aliacha kuja. Mama, ambaye hana ndugu mwingine, alihangaika sana. Alikuwa akienda Wesha na chakula kwenye kikapu na kurudi nacho. Uchaguzi mwingine ulikaribia, na mambo ya mtaani yakazidi kuwa mabaya. Kisima cha kwetu kilipata upande wa hawa na upande wa wale, ingawa maji ni yaleyale. Watu walimsimamisha kaka yangu wa Wawi njiani wakamuuliza anakwenda kwa nani huku. Alijibu anakwenda kwao. Mara moja alikuja na kanzu imechanika begani, akasema ameanguka. Mama alishona bila kuuliza. Mimi nilikasirika, nikamwambia asije mpaka mambo yatulie, naye akasema mambo hayatatulia.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipata nafasi ya kusomea ualimu Unguja. Nilikuwa nimesoma skuli mpaka pale msichana wa kwetu alipoweza kufika, na mwalimu mkuu wa skuli yangu alikuja mwenyewe kumwomba baba. Baba alikubali kwa sharti: sisafiri bila maharimu. Yeye mguu wake ulikuwa umeanza kumwuma hawezi safari, na ndugu zangu wa tumbo moja wote wadogo. Aliyefaa ni mjomba. Mama alikwenda kumwomba, akamkuta anatengeneza wavu.

"Msichana wa nini Unguja?" mjomba alimwambia. "Wenzake wanazaa. Mpelekeni na huyo Mwarabu wenu."

Alisema kwa kejeli. Mama alirudi akilia akamsimulia baba, na baba alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake.

"Kasema sawasawa," alijibu. "Atampeleka kaka yake."

Siku ya safari meli ilitia nanga mbali na Wesha, tukapelekwa kwa mashua. Mjomba alikuwapo pwani miongoni mwa wavuvi wenzake. Hakuja karibu. Lakini mashua ilipokwama kwenye mchanga ni yeye aliyeingia majini mpaka kiunoni akaisukuma, bila kunitazama, na ilipoelea akarudi zake.

Juu ya sitaha abiria walikuwa wamekwisha kukaa, na mara moja niliona wamekaaje. Hawa walikuwa na birika lao la chai upande wa kulia, wale na birika lao upande wa kushoto, na katikati, panapopita mnyororo wa nanga na panapotota maji, hapakuwa na mtu. Waliotujua walitutazama kuona tutakwenda wapi. Mtu wa upande wa kulia akamwita kaka yangu kwa sauti, aje, amemwekea nafasi. Mwanamke mmoja wa kushoto, jirani yetu, akanipungia mimi mkono.

"Twende wapi?" nilimuuliza.

"Wewe wataka wapi?"

Sikujua. Tulisimama na sanduku langu baina yetu, meli ikaanza kutikisika, na yeye, ambaye kumbe hakuwa mtu wa bahari, akaanza kubadilika rangi. Nilimshika mkono nikamketisha juu ya sanduku pale katikati, kwenye maji, nikampa ndimu anuse. Watu walituangalia kwa muda, halafu wakachoka wakageukia chai yao. Alitapika mara tu tulipotoka nje ya mlango wa bandari. Nilimshikia kichwa.